Risasi iliyokaa kwenye mkebe wa babu: Kwa nini ya kuwinda si ya shabaha

KAMA umewahi kukesha ukicheza PUBG na wenzako, unaijua raha ya kuokota AWM kwenye sanduku lililoshuka na parachuti. Unapanda juu ya paa, unatulia, unalenga kichwa cha mtu aliye mbali kule, paa! Kwisha maneno. Kila mtu kwenye kikosi anajua kanuni moja: bunduki yenye risasi kubwa ndiyo bunduki. Zile ndogo waachie wanaoanza.

Mimi pia niliamini hivyo hadi siku nilipofungua mkebe wa Kimbo wa babu yangu kule Taita.

Ndani mlikuwa na vifungo, sarafu za senti zisizonunua chochote siku hizi, sindano ya kushonea magunia, na kidude kizito kilichobondeka. Kilikuwa na umbo la uyoga uliovunjika ukingo, upande mmoja rangi ya shaba na upande wa pili kijivu. Nilidhani ni kifungo cha koti la zamani.

“Hiyo ndiyo iliyomuua mwenzangu,” babu akasema.

Nikamuuliza kama mwenzake alipigwa risasi.

“La, mjukuu wangu. Ilimpiga nyati.”

Nitakurudishia kisa hicho. Lakini huwezi kukielewa kabla hujajua kitu ambacho gemu halitakufundisha hata ucheze miaka kumi: risasi haichaguliwi kwa ukubwa. Inachaguliwa kwa kuangalia inakokwenda, halafu unarudi nyuma hadi kwenye bunduki.

Kwanza, tunachoita risasi ni vitu vinne vilivyoshikanishwa. Kuna ganda la shaba ya manjano. Ndani ya ganda kuna baruti. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki, kile kidude kidogo kinachowaka kikigongwa na kuiwasha baruti. Halafu mbele kuna kichwa, na hicho ndicho pekee kinachoruka. Ganda linabaki nyuma. Kwa hivyo mtu akikuambia anatafuta risasi nzuri, amekuuliza maswali mawili kwa mpigo. Je, kuna nguvu kiasi gani nyuma ya kichwa? Na kichwa chenyewe kimeundwa kufanya nini kikifika?

Kwenye gemu swali la pili halipo kabisa. Risasi ya 7.62 ni 7.62, basi. Hata Kar98k, ile bunduki ya Kijerumani mnayoipigania, wameipa risasi ya 7.62 ilhali ya kweli ilitumia 7.92. Wewe unaona namba tu na kiasi cha afya alichopoteza adui.

Tuanze na shabaha ya karatasi, maana karatasi haina damu.

Huko Bisley, nchini Uingereza, walenga shabaha wamekuwa wakikutana tangu 1890. Shindano lao kubwa ni lile la kuwania Tuzo ya Mfalme, na raundi ya mwisho hupigwa kutoka yadi 900 na yadi 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Weka karibu viwanja tisa vya kandanda kwenye mstari mmoja, ulale chini upande huu, kisha ujaribu kugonga duara lenye upana wa sentimita 60 hivi upande ule mwingine. Na usifikirie wana zile darubini kubwa za kwenye gemu. Wanalenga kupitia kitundu kidogo cha chuma, bunduki imeshikiliwa kwa mkanda uliozungushwa mkononi. Anayeshinda hubebwa juu juu kwenye kiti kama bwana harusi. Wakenya nao wamewahi kwenda kushindana huko, na hata kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Sasa fikiria kinachoipata risasi njiani. Chukua .308 Winchester, risasi iliyotoka 1952 na ambayo ni pacha wa 7.62 ya majeshi ya NATO. Kichwa cha gramu 10.9 kinatoka kwenye mtutu kikienda takriban mita 800 kwa sekunde. Inaonekana ni kasi ya ajabu, lakini safari ya mita 914 inakula zaidi ya sekunde moja na nusu, na muda wote huo ardhi inakivuta chini. Ukiwa umeirekebisha bunduki ipige sawasawa kwenye mita 100, basi kule mwisho risasi itakuwa imeshuka karibu mita 10. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu! Mlenga shabaha hashangai, kwa sababu mvuto wa ardhi haubadiliki. Anahesabu na kuinua mtutu kiasi kinachotakiwa.

Kinachomnyima usingizi ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha nguo kwenye kamba, ukivuma kutoka ubavuni unaweza kuisukuma .308 hiyo zaidi ya mita mbili kando. Na upepo haukai mahali pamoja. Pale ulipolala umetulia, katikati ya njia unavuma kushoto, kwenye shabaha unavuma kulia.

Ndiyo maana mtu wa shabaha za mbali hatafuti risasi ya kupasua jiwe. Anatafuta kichwa chembamba, kirefu, kilichochongwa mbele na kupunguzwa nyuma, kipenye hewani bila kung'ang'ana nayo. Mfano unaozungumziwa sana ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady ya Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano. Kichwa chake cha gramu 9 hivi kinatoka mtutuni kikiwa na nguvu pungufu kuliko .308. Ukizipima hapo mdomoni mwa bunduki, ungesema Creedmoor ni dhaifu. Zifuate hadi mita 914 uone. Ile nyembamba imeshuka karibu mita mbili pungufu, upepo umeisukuma kwa kiasi pungufu pia, na bado inakwenda kasi kuliko sauti. Ile .308 yenye kichwa cha gramu 10.9 imechoka, imeanguka hadi karibu na mwendo wa sauti, na hapo vichwa vingine huanza kuyumba kama boda boda iliyoingia kwenye mchanga.

Kuna kitu kingine ambacho wavulana hawapendi kukisikia: bega. Kila risasi inayokwenda mbele inaisukuma bunduki nyuma. Siku ya mashindano unaweza kupiga risasi makumi kadhaa, na mwili una akili zake. Ukishaumizwa mara kumi, mara ya kumi na moja utafumba macho kabla hujamaliza kuvuta kifyatuo, hata kama ni mwanamume wa chuma. Risasi isiyoumiza ni risasi unayoweza kuirudia vile vile mara sabini. Halafu kuna mtutu wenyewe, ambao huchakaa. Zile risasi kubwa za kujaa baruti, zinazoitwa magnum, zinaunguza koo la mtutu mapema zaidi, bunduki ya.308 inaweza kupiga maelfu kadhaa kabla usahihi wake haujapungua.

Jambo la karibu na nyumbani, kabla hatujaingia porini: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa sababu tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Risasi ile ile, bunduki ile ile, ikipigwa mbali kule pwani itagonga chini kuliko ilivyozoea huku bara. Mlenga shabaha anayesafiri bila kufanya hesabu hiyo ataaibika.

Basi hiyo ndiyo risasi ya karatasi. Haihitaji kufanya chochote ikifika isipokuwa kutoboa tundu. Ingekuwa ya udongo mkavu na bado ipige katikati, ingefaa.

Mnyama ni habari nyingine kabisa.

Katika nchi zinazoruhusu uwindaji wa leseni, kama jirani yetu Tanzania, lengo la mwindaji mwenye adabu ni moja: mnyama afe haraka, asiteseke, asitoroke na jeraha. Risasi itakayofanya kazi hiyo lazima ipite kwenye ngozi, nyama na pengine mfupa, ifike kwenye moyo au mapafu, na ikiwa huko iachilie nguvu yake. Kwa swara au mnyama mwingine wa ukubwa huo, kichwa kinachotumika huwa na ncha laini. Kikigonga hufunguka kama uyoga, upana wake ukaongezeka hadi karibu mara mbili, na jeraha linakuwa kubwa. Kichwa cha mashindano hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kinaweza kupita kama sindano na mnyama akakimbia kilomita nzima, au kikapasuka vipande juu juu bila kufika ndani. Huwezi kujua kitafanya lipi, na ubaya uko hapo.

Hapa pana kitendawili cha sheria ambacho hunishangaza kila nikikifikiria. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vitani risasi zinazofunguka mwilini, kwa kuwa ni ukatili kwa binadamu. Lakini ukienda Uingereza kuwinda paa, sheria inakudai utumie risasi zinazofunguka, kwa kuwa kutozitumia ni ukatili kwa mnyama. Askari hutakiwi umjeruhi kupita kiasi. Mnyama hutakiwi umwache na jeraha tu.

Ukija kwa nyati hesabu inabadilika tena. Dume la nyati lina uzito wa kilo 600 na zaidi, lina mifupa minene, na lina hasira. Kichwa laini, chepesi, chenye mbio kinaweza kufunguka mapema mno, kikabondekea begani bila kuingia. Hapo ndipo watu walipoamua kutumia vichwa vizito na vigumu. Kaliba ya .375, hasa .375 H&H Magnum iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, ndiyo inayotajwa katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji kama kiwango cha chini kabisa kwa nyati na ndovu. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 19.4, na teke lake begani ni zaidi ya mara mbili ya lile la .308. Kwenye shabaha ya mita 914 haina maana yoyote. Lakini nyati hapigwi kutoka mita 914. Anapigwa akiwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, na risasi inayompata lazima ipenye.

Sasa kile kisa.

Ilikuwa 1974, uwindaji ukiwa bado halali Kenya. Babu alikuwa akifuata nyayo kwa ajira ya kampuni moja ya safari. Siku hiyo walikuwa na mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja na bunduki yake mwenyewe, .270 Winchester. Hiyo ni risasi nzuri, usinielewe vibaya. Imekuwepo tangu 1925, inakwenda mbio, inapiga moja kwa moja, na kwa swara ni kama imeumbwa kwa ajili yake. Na ni swara waliyekuwa wakimfuata. Jioni jua likizama, nyati akatokeza kando ya kichaka, hatua kama themanini. Mgeni akafyatua kabla mtu hajafungua mdomo.

Nyati alipiga magoti, akainuka, akaingia kichakani.

Babu anasema kilichomtisha ni damu. Ilikuwa kidogo, nyekundu ya juu juu, bila povu. Damu ya mapafu huwa na povu. Walilala pale, wakamfuata alfajiri, na saa nne asubuhi wakampata, au tuseme yeye ndiye aliyewapata. Alikuwa amezunguka na kuwasubiri ubavuni mwa nyayo zake mwenyewe. Mwenzake babu alikuwa mbele. Pembe ilimwingia pajani. Kiongozi wa safari alimwangusha nyati kwa bunduki kubwa, lakini yule kijana alifia ndani ya Land Rover wakimkimbiza Voi. Alikuwa na mke na mtoto ambaye hata hakuwa ameanza kutambaa.

Walipomchuna nyati wakaikuta ile risasi ya kwanza. Ilikuwa imelala chini ya ngozi ya bega, juu ya mfupa, imefunguka vizuri kabisa kama uyoga. Ilikuwa imefanya kila kitu ilichotengenezwa kufanya. Babu akaitia mfukoni, na mkebe wa Kimbo ukawa nyumba yake.

Nilipokuwa mdogo nilidhani lawama ni ya bunduki ndogo. Siku hizi sina hakika. Jangili wa kizungu aliyeitwa Bell, maarufu kama Karamojo Bell kwa sababu alizunguka sana Karamoja nchini Uganda, aliua zaidi ya ndovu 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi kwa risasi ya milimita 7 yenye kichwa chembamba kuliko .308. Alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, akayachunguza mafuvu ya ndovu hadi akajua ubongo uko wapi ukimtazama mnyama kutoka pembe yoyote. (Nimemwita jangili. Wenzake walimwita mwindaji mashuhuri. Ndovu 1,000, jamani.) Kwa upande mwingine, Patterson, yule mhandisi aliyewaua simba wa Tsavo mwaka 1898, aliazima bunduki yenye nguvu zaidi kuliko yake bila kuijaribu, na simba alipomfikia karibu ikakataa kulia. Simba hao sasa wako kwenye jumba la makumbusho Chicago, lakini siku ile ingeweza kuwa Patterson anayesimuliwa na wengine.

Kwa hivyo ukubwa peke yake haukumwokoa huyu wala udogo haukumwangusha yule. Mgeni wa babu hakukosea kuinunua .270. Alikosea kuielekeza kwa kitu ambacho haikuchaguliwa kwa ajili yake.

Nalisema hili kwa sababu kuna video nyingi siku hizi za wawindaji wa Marekani wanaopiga wanyama kutoka mita 800 au 900 kwa zile 6.5 nyembamba, kisha wanapongezana. Vijana wa kwetu wanazisambaza kwenye WhatsApp kama mabao ya Arsenal. Lakini hebu rudi kwenye ile sekunde moja na nusu. Karatasi haisogei. Swara anapiga hatua moja akifuata jani, na hatua moja inatosha kuondoa moyo mahali ulipokuwa na kuweka tumbo. Risasi ilikwisha kutoka. Huwezi kuiita irudi. Anayepigwa tumboni hafi leo, na aliye mita 900 mbali hatakwenda kumtafuta usiku. Kwangu mimi hiyo si shabaha wala uwindaji, na risasi iliyo bora kwa mchezo mmoja haimpi mtu ruhusa ya kuuchanganya na mwingine.

Na kabla hujaanza kuota, kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Hakuna leseni ya swara wa wikendi. Nyati akivamia shamba la watu, wanaitwa askari wa KWS, si mjomba mwenye bunduki. Kwa hivyo sehemu ya uwindaji katika makala haya ichukue kama elimu tu, isipokuwa uwe unafikiria kazi ya kulinda wanyama, maana askari wa porini wanahitaji kuijua hesabu hii kuliko mtu yeyote.

Shabaha ndiyo iliyo wazi kwako, ingawa mlango wake ni mwembamba. Kumiliki bunduki kunataka idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo itachunguza tabia yako na sababu zako, na kosa dogo kwenye Sheria ya Silaha linaweza kukulaza ndani. Ni mchezo wa gharama pia, sitakudanganya. Njia ya kawaida ni kupitia klabu inayotambuliwa, chini ya mkufunzi, kwenye uwanja ulioidhinishwa.

Na ukifika huko usitegemee kukabidhiwa .308 siku ya kwanza, seuze ile AWM ya ndoto zako. Mahali pengi mwanafunzi huanza na .22, kichwa cha gramu 2.6 tu, mwendo wake karibu na ule wa sauti. Bega halisikii kitu. Shabaha iko mita 50, na duara la katikati, lile la pointi 10 kwenye Olimpiki, lina upana wa milimita 10.4, karibu sawa na ukucha wa kidole chako kidogo. Nenda ukajaribu kuligonga mara tano mfululizo.

Babu alipolisikia hilo alicheka hadi akakohoa, kisha akafunika mkebe wake.